Udongo Chini ya Ndege ya Mbao

Siku mliyoniaga mlinipa kiti. Fundi aliyezeeka akitengeneza viti, mkampa kiti cha kununua dukani, chenye mguu mmoja mfupi. Sikusema kitu, kwa sababu mlikuwa mmechanga na soda zilikuwa baridi. Nimeuwekea mguu ule kipande cha mbao, na hapo ndipo nimekaa nikiandika haya, maana yule kijana wenu wa mashine ya randa aliniomba nieleze kazi ilikuwaje kabla ya umeme. Habari za vyeo sitaeleza, hizo zimetundikwa ofisini. Nitakaa zaidi kwenye kazi moja, ndege ya mbao ya urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole. Katika vitu vyote vilivyopita mikononi mwangu, hicho ndicho ninachokitamani mpaka leo.

Niliajiriwa na Bwana Harnam, Singasinga aliyekuwa na karakana karibu na stesheni ya Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwezi wa kwanza sikugusa mbao. Nilinoa patasi. Nilinoa mpaka vidole vikawa laini kama vya karani, na kila nikidhani nimemaliza, Bwana Harnam alipitisha ukali ule kwenye nywele za mkono wake, akatikisa kilemba, akanirudishia. Ninyi mnanunua patasi, mnaitumia mpaka inakuwa butu, kisha mnailaumu. Lakini mchagua jembe si mkulima, na sina haja ya kuwagombeza tena, si mimi ninayewalipa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Barasa, Mluhya wa Kimilili, mtu mfupi, mpole, na mbishi kwa upole wake. Wakati wa vita kuu vya pili alikuwa seremala katika uwanja wa ndege wa jeshi. Msicheke. Ndege nyingi za siku zile zilikuwa mbao, waya na kitambaa, na bawa lililovunjika lilitengenezwa na seremala kama mlango uliovunjika. Barasa hakuwahi kupanda ndege hata moja, ila alijua mbavu zote zilizo ndani yake. Alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka ukamchukia kidogo: "Pima. Macho inadanganya, futi haidanganyi."

Sasa nieleze nilikotoka, maana bila hilo hamtaelewa. Mimi nilizaliwa shamba la mzungu mmoja huko juu, upande wa Keringet. Tulikuwa maskwota, tukikaa kwenye ardhi ya mwenye shamba kwa kumfanyia kazi. Baba yangu, Mwangi, alichunga na kukamua ng'ombe wa maziwa wa shamba lile, na alipofariki alizikwa nyuma kidogo ya nyumba zetu. Mama akapanda matoka kwenye pembe nne za kaburi. Matoka ni maua fulani yenye kiazi kikubwa ardhini, na sisi Wakikuyu tunayatumia kuweka mipaka, kwa sababu ukiyakata huota tena, na ng'ombe hawayali. Msalaba wa mbao, Mama alisema, utaliwa na mchwa. Matoka hayana adui.

Kisha serikali ya wakoloni ikatangaza Hali ya Hatari dhidi ya wapigania uhuru. Malori yalifika shambani asubuhi, Wakikuyu wote wakapakiwa na kurudishwa rizavu, maeneo tuliyotengewa, na nyumba zikachomwa nyuma yao. Mama alitua Murang'a, mahali alipoondoka akiwa msichana na ambapo hakuna aliyekuwa akimngoja. Mimi nilikuwa mjini. Nilibaki Nakuru kwa sababu Bwana Harnam alikwenda mwenyewe kwa wakubwa akanitilia sahihi, akasema, "Huyu mtu yangu. Huyu najua noa patasi." Nilikuwa na pasi mfukoni, karatasi ya ruhusa ya kukaa mjini, na pasi ile ilikuwa na uhai kwa muda ambao Bwana Harnam angependa. Kurudi Keringet hata kwa nusu saa ilikuwa haiwezekani. Nilipajua mahali pale kuliko nilivyojua kiganja changu, na nikawa nalala nikipakumbuka: mlio wa ndoo za maziwa, baridi ya asubuhi, moshi wa mtarakwa. Nilipatamani mpaka nikaugua.

Ndipo siku moja akaingia karakanani mzungu mrefu, mwekundu shingoni, ameshika kofia. Nilimtambua kabla hajasema. Ndiye mwenye shamba letu. Watu walimwita Bwana Ndege, kwa sababu alikuwa na ndege yake ndogo ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambayo aliirusha kutazama nzige na kutembelea wenzake waliokuwa mbali. Yeye hakunitambua. Mtu hatambui mtoto wa kila mkamuaji.

"Mimi nataka ndege," alimwambia Bwana Harnam. "Ndege ya mbao, kidogo, ya kuweka mezani. Kila kitu kama ile yangu. Na chini yake nataka uwanja wangu, majani, udongo, kila kitu."

Bwana Harnam akamwuliza kwa nini atake ya mbao na anayo ya kweli.

"Daktari nasema moyo yangu hapana taka ruka tena," Bwana Ndege akajibu. "Moyo yangu nataka. Daktari ndiyo hapana taka. Ile kubwa nauza. Mimi narudi Ulaya."

Alisema hivyo akitazama kofia yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata yeye kuna kitu kitamtoka mikononi. Sikumhurumia sana. Lakini niliona.

Barasa alipewa kazi, nami nikawekwa chini yake. Kipimo chetu kilikuwa nusu inchi kwa kila futi ya kweli. Ubao wa kusimamishia ndege tukaupanga futi mbili kila upande, wa mvule, na hapo utaona kwamba uwanja mzima hauwezi kuingia. Huingia tu kipande cha nyasi kinachotosha kuegesha ndege na kuizunguka. Barasa akasema lazima mmoja wetu aende kupima mahali hasa ambapo ndege husimama. Yeye alikuwa na homa. Nikasema nitakwenda mimi, nikainama haraka kufunga kiatu ili wasinione uso.

Bwana Ndege alinichukua kwa gari lake. Kwenye kizuizi baada ya Njoro askari alisoma pasi yangu juu chini, akamtazama Bwana, akaturuhusu. Tulipanda mpaka hewa ikawa baridi. Zilipokuwa nyumba zetu palikuwa na pareto upande mmoja, nyeupe yote imechanua, na upande wa pili uwanja wa ndege ulikuwa umerefushwa. Ndege ilisimama mwishoni mwa uwanja, imefungwa kamba kwenye vigingi vya chuma, pua yake ikielekea kunakotoka upepo. Ndivyo ndege hufungwa, la sivyo upepo huingia chini ya mabawa na kuipindua.

Nilipima mabawa, nikapima vigingi, nikapima umbali wa mlingoti wa mfuko wa upepo, ule mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unakotoka. Kisha nikapiga magoti kupima magurudumu. Hapo kwenye nyasi, kuzunguka gurudumu la kushoto, palikuwa na vishada vinne vya majani mapana, vimekatwa na vimeota upya. Vinne, kwenye pembe. Gurudumu lilikuwa katikati yavyo.

Nilikaa pale kwa magoti. Bwana Ndege alikuwa nyuma yangu akivuta kiko.

"Poteza nini?" akauliza.

"Msumari, Bwana."

Nikapima matoka yote manne kutoka kwenye gurudumu, nikarudia mara ya pili ili nisikosee, nikajaza mkebe wa kakao udongo wa mahali pale. Njiani kurudi niliuweka mapajani. Nilikuwa na furaha ambayo ilikuwa inaniumiza. Nilikuwa nimemwona baba yangu, na alikuwa amekanyagwa.

Kazi ya ndege ilituchukua msimu mzima wa mvua, na niwaambie ilivyofanywa, kwa sababu hakuna hata kitu kimoja tulichokinunua. Mwili tulichonga kwa mti laini wa podo. Mbavu za mabawa zilikuwa vipande vyembamba vya mtarakwa, juu yake kitambaa cha leso kilichopakwa vanishi mpaka kikakaza. Waya za kati ya mabawa zilitoka ndani ya kebo ya breki ya baisikeli. Ukiifumua unapata nyuzi nyingi nyembamba, zilizonyooka, na ukizitia vidole zinalia. Kioo cha rubani kilikuwa picha ya eksirei, goti la mtu fulani, iliyosuguliwa kwa maji ya magadi mpaka goti likatoka. Matairi tulikata kwenye ndara za akala. Silinda za injini zilikuwa vijiti, tukavizungushia uzi wa kushonea, zamu kwa zamu, mpaka vikaonekana vina yale mapezi ya kupoza moto. Kiti cha rubani nilikishona kwa ngozi ya glavu kuukuu. Barasa alikiangalia, akasema, "Hiyo iko sawa." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Barasa hakutaka tembo langu liingie maji hata tone. Nililala na maneno yale matatu kwa wiki.

Ubao wa chini ulikuwa wangu peke yangu. Nilipaka gundi, nikachekecha juu yake udongo wa mkebe wa kakao, kisha nyasi, ambazo zilikuwa katani iliyokatwa fupi na kupakwa rangi. Si kijani kitupu, kwa maana nyasi za kule juu zina umanjano wa baridi. Halafu matoka. Kila jani nilikata kwa karatasi iliyotiwa nta, nikalikunja kwa ncha ya sindano. Yote yalisimama pale pale vipimo viliposema. Barasa alikuja akainama.

"Haya magugu ni ya nini?"

Nikamweleza. Alivua kofia, akaishika muda mrefu. Kisha akasema, "Umepima?"

"Nimepima."

"Basi wacha yakae. Kitu kikipimwa kiko."

Tukasimamisha ndege juu yake kama ilivyosimama kule, gurudumu la kushoto katikati ya matoka, na pini ya chuma ikapita kwenye gurudumu hadi ndani ya mvule. Lilikuwa jambo la kweli. Niliamini kazi yetu ni kusema kweli, hata ikiuma.

Wiki ile Mama alipata ruhusa ya kuja hospitali ya Nakuru kwa ajili ya goti. Nilimpitisha karakanani wakati wa chakula cha mchana, wenzetu wote ila Barasa wakiwa nje. Barasa akamvutia kiti, akamwita Mama, akamwonyesha pangaboi la mbele ambalo lilizunguka ukilipuliza, maana alijivunia sana. Mama aliitikia kwa adabu. Hakuitazama ndege hata kidogo. Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ubao, akachungulia chini ya bawa kama mtu anayechungulia uvunguni. Akanyoosha kidole, akagusa udongo, akakinusa.

"Huu ni wetu," akasema kwa Kikuyu.

"Ndiyo, Mama."

Akagusa matoka, moja baada ya jingine. Alianza kulia bila sauti, nami pia nikalia, na Barasa akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Mama akapangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Nilidhani wamemlima," akasema. "Sasa mwondolee hilo gurudumu."

Nikamweleza kwamba kule lilikuwa hapo hapo. Kwamba mteja ameagiza kila kitu kama kilivyo. Kwamba ubao hauna nafasi ya kusogeza ndege nzima, na nikisogeza gurudumu itageuka, na rubani yeyote ataona. Kwamba Bwana Ndege akilalamika, Bwana Harnam hatatia tena sahihi, na mimi nitapakiwa lori.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kule siwezi kumfanyia kitu," akasema. "Hapa wewe unaweza."

Alipoondoka nilisimama mbele ya kazi ile nikimtazama Barasa. Nilitarajia aniambie habari za futi. Akanipa keekee ya kutobolea.

"Pima pini mpya iingie wapi," akasema, "usije ukatoboa mara mbili."

Nikang'oa, nikatoboa mahali pengine, nikaziba tundu la zamani kwa udongo. Kaburi likawa wazi, nyasi juu yake, majani kwenye pembe. Lakini ndege ilikuwa imegeuka. Pua haikuelekea tena kunakotoka upepo. Mtu wa kawaida angeona ndege nzuri tu. Mimi nililiona kosa kila nilipopita.

Bwana Ndege alikuja Jumamosi. Aliizunguka meza polepole, mikono nyuma. Alipuliza pangaboi. Alitazama kiti cha glavu, akatabasamu. Kisha akasimama nyuma ya mkia, akafumba jicho moja, na tabasamu likaisha.

"Nani geuza ndege yangu?"

Bwana Harnam alianza kusema kwamba hakuna kilichogeuzwa, kwamba mafundi wake walipima kabisa, Bwana, kabisa.

"Hapana. Hii upepo napiga upande. Mimi hapana acha ndege yangu namna hii hata siku moja. Nani?"

"Ni mimi, Bwana," nikasema.

"Sababu?"

Nikaweka kidole pale. "Hapa kuna kaburi. Ni baba yangu. Gurudumu lilikuwa juu yake."

"Hapana kaburi kule. Mimi najua shamba yangu."

"Haya majani ndiyo alama, Bwana. Aliyapanda mama yangu kabla hatujaondolewa."

Aliinama kama Mama alivyoinama, akayatazama. "Hii?" akasema. "Mimi kila mwaka nakata hii. Kila mwaka narudi."

"Ndiyo, Bwana. Huwa hivyo."

"Jina ya baba?"

"Mwangi."

"Mwangi ya maziwa?"

"Ya maziwa."

Bwana Harnam alikuwa anakunja ndevu kidoleni, nami nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu moyoni, nimekwisha kupanda lori. Kisha Bwana Ndege akanyoosha kidole chake kirefu kwenye mlingoti wa kijiti uliokuwa pembeni mwa ubao, akaushika mfuko wa upepo niliokuwa nimeushona, akauzungusha taratibu mpaka ukaelekea kule mkia wa ndege ulikoelekea.

"Hiyo siku," akasema, "upepo natoka huku."

"Kabisa, Bwana," Bwana Harnam akasema. "Mimi nakumbuka. Natoka huku."

Tuliifunga ndege ile kwenye kasha lililojaa maranda laini, na Bwana Ndege akaibeba mwenyewe mpaka garini, hakumruhusu mtu. Hakuniomba radhi na sikumtarajia. Ndege kubwa iliuzwa, ikaruka ikaenda, na wakati wa baridi yeye naye akapanda meli. Sikumpenda mtu yule. Bado huwa namfikiria kuliko watu wengi niliowapenda.

Yaliyofuata mnayajua, vijana, kwa kuwa ndiyo nchi mliyozaliwa. Uhuru ulikuja, shamba lile likanunuliwa na kampuni ya wanahisa, likakatwa vipande. Mimi na Mama tulipanda kwenda kumtafuta Baba mara tu tulipoweza, Mama akitembelea fimbo. Uwanja wa ndege ulikuwa viazi. Hapakuwa na vigingi wala mlingoti, na pareto ilikuwa imehamishwa. Lakini matoka yalikuwepo. Yalikuwepo kila mahali. Wenye viwanja walikuwa wameyakuta pale yameota, wakayang'oa, wakayagawanya viazi vyake, wakayapanda kwenye mipaka ya kila mtu, safu kwa safu, mpaka kule chini mtoni. Walikuwa watu wetu, na walifanya kama ambavyo sisi tungefanya. Mama alisimama katikati ya mashamba yale, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza, "Ni yapi?"

Vile vipimo sikuvihifadhi. Nilipomaliza ule ubao nilitupa karatasi pamoja na maranda. Nani huhifadhi mchoro wa ardhi, na ardhi yenyewe ipo?

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, nyumbani kwangu hapa Nakuru, na mwishoni alisahau mengi, hata jina la mke wangu. Kaburi lile la ubaoni hakulisahau. Jioni, kahawa ikiwa mkononi, aliniuliza kama yule mzungu bado yu hai. Nikamwambia yu hai. Kisha akaniuliza kama huwa anapangusa vumbi pale chini ya ndege. Nilikuwa nikimjibu kwamba hupangusa kila Jumamosi, kwa kitambaa laini, na mkono wake ni mwepesi.